Mjadala: Gari la kale lililofungwa ekseli nzima mbele, lipewe karatasi ya kutembea Lubumbashi au lisipewe?

Mleta hoja:

Ndugu zangu wa Lubumbashi, swali ni hili. Mtu ana gari la kale, tuseme Peugeot 404 ya baba yake au Chevrolet ya miaka ya hamsini. Rotuli za mbele, yaani viungo vya mpira wa chuma vinavyoshika gurudumu, zimekwisha, anazopata sokoni ni za bandia. Fundi anamwambia: tung'oe mbele yote, tufunge ekseli nzima kama ya lori, chuma kimoja toka gurudumu la kushoto hadi la kulia, kikalie springi za bapa. Gari linainuka, linapendeza kwenye picha, mashimo haliyajali tena. Je, gari hilo lipite kontroli tekniki, yaani ukaguzi wa gari, na litembee mjini katikati ya watu?

Mimi nasema lenye shasi yake, yaani fremu ya chuma iliyo peke yake chini ya mwili wa gari, lipite, likishapimwa usukani. Lisilo na shasi, kama hiyo 404, lisipite, na fundi akatae hata kuanza kazi.

Mtindo wenyewe umetoka Marekani. Miaka ya 1950 na 1960 vijana wa kule walishindana mbio za mstari ulionyooka, robo maili, yaani mita 402 hivi, sekunde chache mchezo umekwisha. Walifunga ekseli nzima ya mtindo wa zamani mbele ili pua ya gari ikae juu, uzito urudi nyuma, na tairi za nyuma zishike lami wakati wa kuondoka. Walifanya hivyo kwa magari kama Willys ya 1941 na Chevrolet za 1955 hadi 1957, yote yenye shasi. Kule hakuna kona, hakuna mtoto wa shule anayevuka, hakuna baiskeli iliyobeba magunia ya makala (makaa). Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya sekunde hizo chache, sisi tunataka kukipeleka barabara ya Kasenga jioni, watu wakitoka kazini.

Najua mtaniletea Land Cruiser za migodini. Ni kweli, familia ya 70 ilitoka mwaka 1984 na hadi leo ina ekseli nzima mbele, na inadumu. Lakini Toyota walipanga vyote kwa pamoja: unene wa shasi, mahali springi zinaposhikwa, urefu wa fito ya usukani, mwinamo wa pivo, ile pini ambayo gurudumu la mbele linageukia. Wewe unachukua ekseli ya gari moja na boksi ya usukani ya gari la pili, unavibebesha mwili wa gari la tatu.

Na wanaosema barabara mbovu zinadai ekseli nzima, wanijibu hapa. Hiyo hiyo 404, kila gurudumu la mbele likipanda na kushuka peke yake, ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na mara zote mbili lililotangulia lilikuwa 404. Gari lililopita kwenye matope yale halishindwi na mashimo yetu. Linashindwa na vipuri vya bandia na fundi asiye na muda.

Fundi, Kampemba:

Yaya, mkubwa wangu, nakuheshimu, ila hayo ni maneno ya mtu asiyelala chini ya gari msimu wa mvua. Rotuli ninayouziwa leo, imeandikwa jina kubwa kwenye boksi, ukiikata ndani ni plastiki. Mteja anarudi kabla mvua haijaisha na anadhani mimi nimemwibia.

Pivo ya ekseli nzima ni pini ya chuma na bushi. Bushi ikiisha nakereza nyingine hapa hapa, siku hiyo hiyo, naingiza, natia grisi, gari linaondoka. Jani moja la springi likikatika, gari linafika nyumbani polepole. Rotuli ikichomoka, gurudumu linalala chini ya gari na dereva anabaki ameshika usukani usioongoza kitu. Sasa niambie, kati ya hivyo viwili ni kipi kinachoua watu?

Dereva wa teksi, Katuba:

Wakubwa wangu, nauliza tu. Mnasema lipimwe. Nani atapima, na kwa chombo gani? Mimi naonyesha taa, napiga honi, nakanyaga breki, narudishiwa karatasi yangu. Kama kupima ni hivyo, hata gari lililochomelewa jana usiku litapita.

Mzee, Makomeno:

Wanangu, mimi ningezuia yote. Magari haya ndiyo yaliyobaki ya wakati kampuni ya madini ilikuwa inalisha mji mzima. Ukishakata mbele ya gari, hulirudishi. Wajukuu wataona kitu gani, gari la kale au lori lililovaa bati la gari la kale?

Mleta hoja:

Mzee wangu, shikamoo. Kwa gari ambalo bado ni zima niko upande wako kabisa. Gari ambalo mbele yake ina vyuma vyake vya kiwandani lisiguswe, hata kama mwenyewe ana pesa na hamu. Lakini kuna magari yaliyokwisha kupoteza mbele yake zamani, yamegongwa au yameng'olewa vipuri, yamebaki mwili uliokalia matofali. Kama lina shasi nzuri, ekseli nzima ndiyo itakayolitoa kwenye matofali. Hilo siwezi kulizuia kwa moyo mweupe.

Fundi, hoja yako ya rotuli ni nzito na sitaizunguka. Uko sawa kwamba pivo inatengenezeka hapa Lubumbashi na rotuli haitengenezeki. Uko sawa pia kwamba jani la springi linavunjika kwa huruma zaidi. Ila ajali ya ekseli iliyofungwa vibaya haisubiri kitu kivunjike. Kila chuma kinaweza kuwa kizima na gari bado likamwacha dereva.

Boksi ya usukani imefungwa kwenye shasi, haisogei. Ekseli inapanda na kushuka. Kati yao kuna fito moja. Springi ya bapa kwa kawaida imeshikwa mbele kwa pini isiyohama, nyuma ina pingili inayocheza, kwa hiyo ekseli ikipanda haiendi wima, inachora upinde. Ncha ya fito nayo inachora upinde wake. Pinde hizo mbili zisipofuatana, fito inasukuma mkono wa gurudumu, na gari linakata kona ambayo dereva hakuiomba. Ukiinua pua ya gari bila kuhamisha boksi, fito inabaki imeinama sana, ncha moja juu na nyingine chini, na tofauti inakuwa kubwa zaidi. Dereva anaingia shimoni na gurudumu la kulia, gari linarukia ukingo wa barabara. Pale ukingoni ndipo anapopita yule wa makala, anasukuma baiskeli na hawezi kuruka pembeni.

Kwa ndugu wa Katuba: kupima hakuhitaji mashine. Egesha gari mahali tambarare. Mmoja akae ndani, ashike usukani usicheze hata kidogo. Wawili wakandamize pua ya gari kwa uzito wao wote, waachie, wakandamize tena. Wa nne asimame mbele, mbali kidogo, aangalie tairi. Zikipanda na kushuka tu, vizuri. Zikigeuka kushoto na kulia huku usukani umeshikwa, gari lirudi garajini, na hakuna cha kubishana. Mtu yeyote mwenye macho anaweza kulifanya hilo, na mwenye gari atajionea mwenyewe.

Halafu waangalie pivo. Kichwa chake kiegemee nyuma, digrii 5 hadi 7 hivi kwa ekseli za namna hii. Ikisimama wima, usukani haurudi katikati baada ya kona, na kwenye mwendo magurudumu yanaanza kutetemeka mpaka dashibodi inagonga. Mkono wa usukani, ule unaosukumwa na fito, ukionekana umechomelewa, gari lisipite hata kama mshono ni mzuri, kwa sababu kile ni chuma cha kufuliwa na moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wake. Mwisho inua gari, magurudumu yaning'inie, uone kama mipira ya breki inatosha au imevutika kama kamba. Mipira ya breki inasahaulika sana.

Fundi, Kampemba:

Hilo la kukandamiza pua nimelikubali, nitalifanya kwa kila gari linalotoka kwangu. Mkono wa usukani sijawahi kuuchomelea. Ila 404 unainyima nafasi bure. Nimefunga moja, inatembea mpaka Kipushi na kurudi, mwenyewe hajalalamika.

Dereva wa teksi, Katuba:

Kama ni mchezo wa watu wanne na dakika tano, basi na sisi kwenye parking tutaufanya kwa teksi zetu. Asante, wakubwa.

Mleta hoja:

Fundi, kuhusu 404 sirudi nyuma. Gari lile halina shasi ya peke yake, bati lake ndilo mifupa yake. Uzito wa mbele ulipangwa upande juu kupitia amotisa (shokapu), ufike kwenye vikombe viwili vilivyo ndani ya mabawa, chini ya boneti. Ukiweka springi za bapa, vikombe vile vinabaki havina kazi, na uzito wote unahamia kwenye mihimili ya bati ya chini ambayo haikutengenezwa kupigwa na springi. Bati hilo lina miaka zaidi ya hamsini, na kutu yake inaanzia ndani, mahali usipoweza kufikisha brashi. Gari linaweza kwenda Kipushi na kurudi mara nyingi huku ufa unakua chini ya rangi.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Ile 404 uliyoifunga, ninaamini ulifanya kwa uangalifu, naijua mikono yako. Lakini hapa hujatuambia pini za mbele za springi ulizishikisha wapi: kwenye bati lenyewe, au ulitengeneza mihimili mipya ya chuma toka mbele hadi chini ya sakafu? Kama ni bati lenyewe, mwite mwenye gari wiki hii, kwangua rangi mahali pale, piga picha na uiweke hapa tuiangalie wote. Kama ni mihimili mipya, weka picha pia, nami nitasema mbele ya wote hapa kwamba gari hilo lipimwe kama yale yenye shasi.