Babu alikuwa mtoto wa suria: ana fungu katika minazi ya Kaole?

Mjukuu wa Kaole:
Assalaam alaykum. Niko Bagamoyo. Ukoo umekaa kugawana shamba la minazi aliloliacha baba yake babu. Ami yangu akasema mbele ya vijana kwamba upande wetu tushukuru kwa chochote tutakachopewa, kwa kuwa mama yake babu alikuwa mjakazi kutoka bara, bwana akamfanya suria, yaani mjakazi anayelala na bwana wake bila ndoa, na babu kwa hiyo alizaliwa mtumwa. Habari za mama tulizijua. Bibi alikuwa akitusimulia akisuka ukili. Hilo la babu ndilo lililonichoma. Alisomeshwa chuoni pamoja na nduguze, na bwana mwenyewe ndiye aliyemposea mke! Sheria ya wakati ule ilimhesabu vipi?

Mzee wa Pangani:
Waalaykum salaam, mjukuu wangu. Ami yako amekosea. Pwani yetu hufuata sheria ya Kiislamu ya madhehebu ya Shafi. Mtoto wa suria, bwana akikubali kuwa ni wake, huzaliwa huru, na hurithi sawasawa na nduguze wa mke wa ndoa. Mama naye hauzwi tena, na siku bwana anapokufa anakuwa huru. Lau angekuwa mjakazi wa mtu mwingine aliyeozwa tu, hapo mtoto angekuwa mali ya bwana wa mama. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wana wa Sayyid Said waliotawala Unguja, wote mama zao walikuwa masuria. Nani aliwaita watumwa? Dada yao Sayyida Salme, ambaye mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi, alirithi kwa baba yake. Wewe tafuta ushahidi kwamba babu alikubaliwa. Kuposewa mke na baba ni jambo zito.

Bi Chumbageni:
Shikamoo mzee. Marekani ilikuwa kinyume: sheria ya Virginia ya 1662 ilimpa mtoto hali ya mama, hata baba akiwa ndiye bwana. Watoto wa rais Thomas Jefferson kwa Sally Hemings walizaliwa watumwa wa baba yao. Lakini, mzee, tusiisifu sana ya kwetu. Yule mama wa bara aliulizwa na nani? Na bwana akimkana mtoto, nani angemsikiliza mjakazi? Unguja walipofuta utumwa 1897, masuria waliachwa nje mpaka 1909. Huku kwetu Mjerumani aliamuru watoto wa watumwa waliozaliwa kuanzia 1906 wawe huru, mama zao wakabaki vilevile. Utumwa Tanganyika ulifutwa 1922.

Mjukuu wa Kaole:
Mwenyezi Mungu awalipe. Bi, umenigusa: kwenye shajara ya ukoo wameandikwa wake wote wa bwana, mama yake babu hayumo. Nitadai aandikwe hata kabla ya minazi kuhesabiwa. Mzee, barua ya posa ipo kwa shangazi, kwa hati za Kiarabu, wino umefifia. Nikiileta Pangani utanisomea, au niende moja kwa moja kwa kadhi?