Naomba ushauri: nataka picha zenye rangi za miaka ya 1950, kamera na mkanda ninavyo

Nuru_ya_Asubuhi (mleta uzi)
Wakuu salaam. Nina kazi ya kupiga picha zitakazotoka kama zile za miaka ya 1950: nyekundu iliyokolea, anga ya buluu nzito, ngozi yenye joto. Kamera ni Rolleiflex ya lenzi mbili, na mkanda wa rangi ninao. Ninachokwama ni mwanga. Kamera haina kipima mwanga, na flashi sijui niiweke wapi. Muda umenibana na usingizi sipati. Nisaidieni.

Fundi_Shata
Karibu. Anza na shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, kabla ya mwanga wenyewe. Weka sekunde 1, fyatua bila mkanda, sikiliza. Ikisuasua au ikibaki wazi, mafuta yameganda kwenye gia za kasi ndogo. Kasi kubwa huenda bado ni nzima, ila usizitegemee bila kuzijaribu. Kisha fungua mfuniko wa nyuma, weka B, shikilia wazi, mulika tochi kwa mshazari ndani ya lenzi. Nyuzi kama za buibui ni kuvu. Utando mweupe ni ukungu, na huo utapausha rangi hata ukipima mwanga sawasawa.

Kuhusu flashi: swichi ya M na X iweke X. M ni ya zile balbu za zamani za kuungua, ambazo huchukua kama milisekunde 20 kufika kilele, kwa hiyo shata huzisubiri. Flashi ya umeme ukiiwasha kwenye M, inazimika kabla shata haijafunguka na fremu inatoka tupu. Ukiwa X, shata ya ndani ya lenzi inakubali kasi zote hadi 1/500 ya sekunde, kwa hiyo hata mchana wa jua kali unaweza kulainisha vivuli vya macho.

Bi_Sindano
Mimi nasema nguo kwanza! Dior, mbunifu wa mavazi wa Paris, alipoonyesha mitindo yake Februari 1947, kiuno kikabanwa na sketi ikapanuka, na umbo hilo likatawala muongo uliofuata. Sketi pana bila petikoti ngumu chini inalala, na picha inakuwa ya leo. Nywele nazo msichanganye: mikunjo mikubwa iliyoviringishwa juu ya paji ni ya miaka ya 1940, na ule mtindo wa mzinga wa nyuki ni wa 1960. Mkipiga nyeusi na nyeupe, msiweke kichujio chekundu mbele ya mdomo uliopakwa rangi nyekundu. Mdomo unapauka mpaka unalingana na shavu. Kichujio cha kijani ndicho kinachoutia giza, ila madoa ya ngozi nayo yatajitokeza.

Chumba_cha_Giza
Mleta uzi, umesema "mkanda wa rangi" ukaishia hapo. Mkanda gani, ISO (wepesi wake wa kunasa mwanga) ngapi? Bila hilo hakuna wa kukupimia mwanga.

Nuru_ya_Asubuhi
Ni mkanda mzuri, umekaa kwenye friji miaka yote, aliyeniuzia ni mtu wa kuaminika. Naomba turudi kwenye flashi.

Chumba_cha_Giza
Soma maandishi ya kwenye kopo uyaandike hapa.

Nuru_ya_Asubuhi
Kodachrome 64, roli mbili za picha 36. Na kabla hamjanirukia: ni harusi, Jumamosi ijayo. Maharusi wameona mifano wakaipenda, na nimeshawaambia sitabeba kamera ya dijitali. Wanataka kitu halisi. Ni mkanda wa slaidi, unaotoa picha yenyewe bila nega, na maabara za kusafisha slaidi bado zipo, kwa hiyo sioni tatizo.

Mama_Albamu
Harusi hairudiwi, mwanangu. Watu wamekuamini siku yao, nawe unaificha habari hii mpaka ubanwe? Waambie leo.

Chumba_cha_Giza
Tatizo lipo, na ni kubwa. Slaidi za kawaida zina viini vya rangi ndani ya mkanda wenyewe. Kodachrome haina, rangi ziliingizwa wakati wa kusafisha, hatua kwa hatua, kwa mchakato wa K-14. Maabara ya mwisho, kule Parsons, Kansas, iliacha kupokea roli mwishoni mwa 2010. Ukiupeleka kwenye E-6, mchakato wa slaidi za kawaida, rangi hazitatokea, na ule utando mweusi wa kaboni mgongoni utabanduka na kuchafua dawa za maabara.

Nuru_ya_Asubuhi
Basi nitausafisha kama nyeusi na nyeupe. Nimesoma inawezekana.

Chumba_cha_Giza
Inawezekana kwa majaribio. Utando lazima ulainishwe kwenye maji yenye magadi na ufutwe kwa mkono, tabaka la kichujio cha njano linabaki, na uzee umeshatia ukungu kwenye nega. Kwa harusi, hapana.

Mzee_wa_Mikanda
Wakuu, mnanyweshwa chai. Rolleiflex hula mkanda wa 120, fremu 12 za mraba, sentimita 6 kwa 6. Roli ya picha 36 ni ya milimita 35. Mtu ameokota majina mawili mtandaoni akatunga uzi.

Fundi_Shata
Usimhukumu bado, Mzee. Kuna kifaa kinaitwa Rolleikin, kimetengenezwa ili Rolleiflex itumie mkanda wa milimita 35. Nuru, hebu tueleze unachokiona ukifungua kamera.

Nuru_ya_Asubuhi
Si chai. Kuna kibao chenye dirisha dogo mbele ya mkanda, fremu nyingine imewekwa kwenye kioo cha kutazamia, na kifundo cha kurudisha mkanda pembeni. Kamera ikisimama wima, picha nazo zinatoka za kusimama.

Mzee_wa_Mikanda
Za kusimama, sawa. Asiyeishika hawezi kulijua hilo. Sasa nisikilize: lenzi ya milimita 75 kwenye fremu hiyo inabana sana. Kundi la upana wa mita 3 litakurudisha nyuma zaidi ya mita 9. Toa Rolleikin, weka 120, utasimama kama mita 4 tu.

Chumba_cha_Giza
Na kwenye 120 kuna Ektachrome E100, mkanda wa E-6 ambao Kodak iliurudisha sokoni kuanzia 2018. Jua kamili: kasi 1/125, tundu la lenzi kati ya f/11 na f/16. Slaidi haisamehe, stopu moja zaidi, yaani mwanga mara mbili, na gauni jeupe limepotea. Ukihofia, chukua nega ya rangi ya ISO 160 na uongeze mwanga stopu moja.

Zile rangi unazozipenda zilitokana pia na upole wa mikanda. Kodachrome ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa ISO 10, yaani kama 1/80 kwa f/5.6 kwenye jua kali. Mpigapicha alilazimika kuweka jua mgongoni kwake na watu watulie. Ndiyo maana nyuso zimewaka zote na nguo zinaonekana kama vipande vizima vya rangi. Fanya hivyo hivyo, kamera usawa wa kifua.

Nuru_ya_Asubuhi
Nimempigia bibi harusi. Kodachrome imetoka, E100 nimekubali. Ila dijitali bado sitaki, itaharibu hisia yote.

Mama_Albamu
Mpe mwenzako aishike, asimame nyuma yako. Hisia haitaharibika.

Fundi_Shata
Piga roli moja ya majaribio leo, uipeleke maabara kesho. Fremu tatu za mwanzo zipige 1/30, 1/125 na 1/500, mwanga ukiwa sawa kwa kubadili tundu la lenzi. Zikitofautiana weupe, shata inadanganya, na hapo hiyo dijitali ndiyo itakayopiga harusi.