Ndege kuukuu za kivita kwenye maonyesho: tiketi mmezipigia hesabu, wapita njia je?

Wadau, tumechoka. Mada ya maonyesho ya ndege za zamani ikiibuka tu, ni bei ya tiketi, watalii, nani atauza vinywaji, na yule yule anayeandika "MiG-21 (ndege ya kivita ya Kisovieti) ipakwe rangi iruke Kololo", katikati ya Kampala. Kololo, jamani? Pembeni mwake kuna Lugogo, Naguru, Kamwokya.

Someni ajali ya maonyesho ya ndege ya Shoreham, Uingereza, tarehe 22 Agosti 2015. Ndege kuukuu ya kivita, Hawker Hunter, ilianza kitanzi (duara la wima: kupanda, kupinduka, kushuka) kwa noti (kipimo cha mwendo wa ndege) 310 hivi badala ya 350, ikafika kileleni kwenye futi 2,700 hivi ilhali haikutakiwa kuwa chini ya 3,500. Wachunguzi walijaribu wakaona kwamba hadi sekunde 4 baada ya kilele bado rubani angeweza kukatiza na kujitoa. Haikukatizwa. Walikufa watu 11, wote nje ya uwanja, kwenye barabara ya A27. Aliyekata tiketi alirudi nyumbani.

Sasa ileteni ndege hiyo Entebbe, Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Uwanja uko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 27, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 6,000. Kipimo cha mwendo kitasoma noti 350 zile zile, lakini mwendo halisi umezidi kwa karibu asilimia 10. Na kwa kuwa ukubwa wa kitanzi hupanda kwa mraba wa mwendo, ukivuta G ile ile (nguvu ya kupinda) kitanzi kinatanuka kwa takriban asilimia 20. Injini nayo imepungukiwa nguvu. Kwa hiyo zile futi 3,500 za Shoreham hapa hazitoshi, hata rubani awe bingwa. Halafu altimeta, yaani kipimo cha kimo: ikipangwa kwa usawa wa bahari, inasoma 3,782 ndege ikiwa bado imeegeshwa. Mgeni akijisahau ataona 5,000 ajione yuko juu, kumbe chini yake kuna futi 1,200 na ushee.

Na msituambie "rubani ataruka na kiti", yaani kiti kinachorushwa nje ya ndege kwa baruti. Baruti za kiti zina tarehe ya mwisho kama dawa. Za Hunter ile zilikuwa zimepita muda. Overberg, Afrika Kusini, mwaka 2009, ndege nyingine kuukuu ya kivita, Lightning, iliharibikiwa haidroliki (mfumo wa mafuta ya shinikizo unaoendesha ndege), kifuniko cha rubani kikagoma kufunguka, akafa nayo. Zaidi ya hayo, baruti isiyolipuka inabaki ndani ya mabaki. Je, zimamoto wetu wamefundishwa pini za usalama zinachomekwa wapi?

Mkitaka lazima, basi ni juu ya ziwa: kupita moja kwa moja, sambamba na ufuko, bila kitanzi, na pua isielekezwe kwa watazamaji hata mara moja. Kwenye maonyesho ya Ramstein, Ujerumani, 1988, ndege iliyokuwa inawajia watu ndiyo iliyowaangukia. Jumla ya waliokufa, pamoja na marubani 3, ni 70.

Ila ziwa nalo si tupu. Chini ya njia hiyo kuna mitumbwi ya wavuvi ambao hawasomi matangazo yenu wala hawana redio. Kabla hamjachapisha bango, semeni: nani ataiondoa mitumbwi hiyo, kwa boti ngapi, na samaki wa siku hiyo atawalipa nani?