Viinitete vitatu kwenye friza: nianze na 4AA au 4BB?

Mke wa Mwalimu, Tanga
Habari za jioni wapendwa. Mliopitia IVF, kutungishiwa mimba maabara, naombeni mawazo. Nina viinitete vitatu, yaani mimba changa kabisa, vilivyogandishwa. Kimoja maabara imekipa daraja la 4BB, kimetokana na mayai yaliyovunwa nikiwa na miaka 35, kabla mume hajahamishwa kikazi na mambo yakasimama. Viwili ni vya mwaka huu, na sasa nina 40: 4AA cha siku ya tano na 5BC cha siku ya sita. Daktari anataka tuweke kimoja tu. Moyo wangu uko kwa 4AA, A mbili si mchezo. Wifi yangu anasema tuweke viwili, tupate mapacha tumalize, gharama zenyewe mnazijua. Nifanyeje?

Bin Said
Dada, waambie waanze na wa kiume 😄

Mtu wa Darubini
Niko maabara ya uzazi hapa Nairobi, kuvitazama ndiyo kazi yangu. Bin Said, herufi hizo hazijui mvulana wala msichana. Namba, 1 hadi 6, inaonyesha kimetanuka kiasi gani. 5 tayari kimeanza kupasua ganda. Herufi ya kwanza ni ya chembe zitakazokuwa mtoto, ya pili ni ya zile za nje zitakazotengeneza kondo. Yote hayo ni kwa macho tu. Mimi na mwenzangu hutazama kiinitete kilekile, mmoja akaandika A, mwingine B.

Macho hayaoni kasoro za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, na hapo kinachosema ni umri wa yai siku lilipovunwa: umri ukipanda, kasoro huongezeka. Ndani ya naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, hakuna kuzeeka. Dada, 4BB chako kina miaka 35 mpaka leo. Kama vyote havikupimwa vinasaba, mimi ningetanguliza hicho, halafu 4AA. Hicho 5BC usikitupe. Vya siku ya sita huzaa watoto pia, ila hungoja zamu.

Kabla ya yote, ulizia vimegandishwaje. Wengine huweka viwili kwenye mrija mmoja, na mrija ukishayeyushwa, vyote vimeyeyuka.

Kuhusu viwili niko upande wa daktari wako. Hata miongozo ya ESHRE, chama cha wataalamu wa uzazi Ulaya, inashauri kimoja kimoja. Tena kimoja chenyewe huweza kujigawa kikaleta mapacha.

Mama Pacha
Wifi anaongea kwa sababu tumbo si lake. Mimi niliwekewa viwili, vikashika vyote. Presha ikapanda, nikapasuliwa kabla ya miezi minane, watoto wakalazwa wodi ya njiti. Nawapenda, wako darasani sasa wananichosha. Ila anayesema mapacha ni nafuu ya gharama, aje nimwonyeshe bili ya ile wodi. Iliipita ya IVF yenyewe.

Mke wa Mwalimu, Tanga
Asanteni sana. Nimepiga simu kliniki: 4BB kiko peke yake, hivi vya mwaka huu vimekaa mrija mmoja. Hakuna aliyewahi kuniambia! Basi naanza na 4BB. Wifi nitamwambia daktari kakataa, yaishe. Je, kisipoamka kikiyeyushwa?

Mtu wa Darubini
Maabara ikiwa nzuri, zaidi ya tisa kati ya kumi huamka. Lakini kubalianeni mapema, kwa maandishi: kikifa, wafungue ule mrija wa pili siku hiyohiyo, au wasimamishe? Wakiufungua, mtakuwa na viwili mkononi, na kile cha ziada itabidi kigandishwe upya au kiwekwe pamoja na mwenzake. Hilo si la kuamua ukiwa umeshalala kitandani na kibofu kimejaa. Halafu asubuhi hiyo simu yako na ya mwalimu zisizimwe, sisi hupiga mapema.