Jeni za mitokondria za nyuki wasiouma: zimehama kweli au programu imekosea?

Mwana wa Likoni
Assalaam aleikum wadau. Nina nyuki wasiouma wa aina tatu wa huku Pwani: Dactylurina schmidti wa Kwale, Meliponula ferruginea na Hypotrigona gribodoi wa Kilifi. DNA ilisomwa kwa vipande vifupi vya besi (herufi za DNA: A, T, G na C) 150. Jenomu za mitokondria (DNA ya vile viungo vya seli vinavyotoa nishati) za aina mbili zimefunga duara, jeni zote 37 zipo. Ya tatu inakatika kwenye eneo lenye A na T nyingi, na jeni kadhaa za tRNA (molekuli ndogo zinazobeba asidi amino za kujengea protini) haziko mahali pake pa kawaida. Nitajuaje kama zimehama kweli? Na mpangilio huo unatosha kuchorea mti wa ukoo?

Fundi wa Tudor
Waaleikum salaam ndugu. Kagua maungio kwanza. Rudisha vipande vyote juu ya jenomu uliyounganisha, kisha tazama kila mahali tRNA ilipohamia: lazima kuwe na vipande vinavyovuka mpaka. Idadi yao ikiporomoka ghafla hapo, programu imebandika tu. Ikipanda maradufu, kuna sehemu iliyojirudia na nakala zake zimelaliana.

Pengo la hiyo ya tatu livuke kwa PCR (kunakilisha kipande cha DNA mara nyingi), praima (kianzishi cha nakala) moja ndani ya jeni ya rrnS na nyingine ndani ya nad2, jeni zilizo pande mbili za pengo. Hatua ya kurefusha nakala usiiweke kwenye nyuzi 72 za Selsiasi: DNA yenye A na T nyingi namna hii hufanya vizuri zaidi kwa 60 hadi 65. Ipe dakika moja na nusu kwa kila besi 1,000, na usome zao lako kutoka pande zote mbili, kwa sababu msururu mrefu wa T huitelezesha enzaimu.

Halafu kuna trnS1, mojawapo ya jeni za tRNA. Kwa wanyama wengi haina mkono wa D (moja ya mikunjo ya kawaida ya tRNA), na programu huiruka. Itafute kwa macho kati ya nad3 na nad5 kabla hujaandika kuwa imepotea.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni hilo duara kutofunga. Kuna Tetragonula, nyuki wasiouma wa Australia, ambao jenomu yao ina besi kama 30,000: seti nzima mara mbili, moja imegeuzwa. Kwa vipande vifupi utaona besi 15,000 tu, na idadi ya vipande haitakushtua maana kila kitu kimeongezeka sawasawa. Dalili iko kwenye ncha: kila ncha hujiunga na nakala yake yenyewe iliyogeuzwa. Ukiona hivyo, soma upya kwa vipande virefu.

Bi Mtwapa
Kaka, kama hiyo ya tatu ni Hypotrigona, kwa vipande virefu nyuki mmoja hatoshi, ana milimita chache tu. Changanya vibarua (nyuki wafanyakazi) kumi wa kiota kimoja. Kwa kawaida ni watoto wa malkia mmoja, mitokondria yao ni moja. Wachukue ndani. Madume waliojazana mlangoni hutoka viota vingine, hao watakuharibia sampuli. Toa tumbo, maana chavua na bakteria wa utumbo hula nafasi ya usomaji. Tumia ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ibadilishe kesho yake, kisha friza.

Tena, jeni ya protini cox1 ikionyesha kodoni (besi tatu zinazosomwa pamoja) ya kukomesha katikati, shuku nakala iliyohamia kwenye kiini cha seli. Lakini hakikisha umetafsiri kwa msimbo wa jeni namba 5, wa mitokondria ya wanyama wasio na uti wa mgongo; kwa namba 1, ule wa kawaida, TGA husomeka kama kikomo kumbe ni asidi amino ya triptofani.

Kizingo
Kuhusu mti, mimi singeujenga juu ya mpangilio wa jeni peke yake. tRNA mbili jirani zinaweza kubadilishana nafasi zaidi ya mara moja katika koo tofauti. Iliyoruka jeni kadhaa, au iliyogeuka na kuhamia uzi wa pili wa DNA, ndiyo ushahidi wenye uzito.

Chora mti kwa jeni 13 za protini, kama asidi amino au bila besi ya tatu ya kila kodoni. Hiyo imejaa A na T na huvuta matawi marefu pamoja kwa uongo. Kisha weka mahamio ya tRNA juu yake uone yanaangukia tawi gani. Linganisha na jeni za kiini, kama 28S na EF-1α. Utafiti wa Rasmussen na Cameron wa 2010 uligawa nyuki wasiouma katika makundi matatu: Afrika, Asia na Australia, na Amerika ya tropiki, wa Afrika wakiwa jamaa wa karibu wa wale wa Asia na Australia. Mti wako ukipinga hilo, chunguza data kwanza.

Mwana wa Likoni
Shukran sana. Kundi la nje (nyuki wa kulinganishia, wa kuonyesha shina la mti) niweke Apis, nyuki wa asali?

Kizingo
Apis pamoja na Bombus, wale nyuki wakubwa wenye manyoya. Jeni za kiini zinaonyesha Bombus ndiye jirani wa karibu wa nyuki wasiouma, kwa hiyo Apis peke yake ataacha tawi refu mno kwenye shina.