Mashine imefunga laini yenye pesa ya msiba, na hakuna binadamu mwenye uwezo wa kuifungua

Wakuu, salaam.

Naingia moja kwa moja kwenye mada. Kampuni ya simu imeikabidhi mashine mamlaka ya kufunga pesa za watu, halafu ikamwondoa binadamu aliyekuwa na uwezo wa kuzifungua. Hilo ndilo lalamiko langu. Jina la kampuni silitaji kwa sababu sitaki uzi ugeuke ushabiki wa mitandao, huyu anatetea laini yake na yule anaponda ya mwenzake. Tujadili jambo lenyewe.

Baba yangu mdogo alifariki Dar na ukoo ukaamua azikwe kwao Mbinga. Kama tunavyofanya siku zote, akateuliwa mhazini mmoja na namba yake ikarushwa kwenye makundi yote ya WhatsApp: la ukoo, la majirani, la jumuiya ya kanisani, la watu aliosoma nao. Mhazini nilikuwa mimi. Michango ikaanza kuingia jioni ile ile. Elfu kumi, elfu tano, elfu mbili kutoka kwa mama muuza mboga ambaye marehemu alimlipia mtoto wake ada. Walituma watu wa Songea, wa Njombe, wa Arusha, hadi binamu aliyeko Muscat alituma kupitia kwa dada yake. Usiku pesa ikawa imetosha jeneza, gari la kubeba mwili na Kosta ya wasindikizaji. Nikaanza kulipa. Malipo ya kwanza yakapita. Nilipotaka kumtumia mwenye Kosta ikaingia meseji kwamba akaunti yangu imesitishwa kwa muda kutokana na miamala isiyo ya kawaida, na uchunguzi unaendelea.

Isiyo ya kawaida kwa nani? Nioneshe Mtanzania mzima ambaye hajawahi kuchanga msiba kwa simu.

Nikapiga huduma kwa wateja. Ikapokea sauti ya mashine, ikanipitisha kwenye vitufe, mwisho ikanielekeza niandike kwa msaidizi wao wa WhatsApp ambaye naye ni akili mnemba. Nikamwandikia kwamba laini imefungwa na ndani kuna pesa ya mazishi, mwili unatakiwa kuondoka alfajiri. Akanipa pole kwa usumbufu, akaniuliza kama nataka kununua kifurushi au kuangalia salio. Nikaandika tena kwa maneno mengine. Akasema hajanielewa, akarudisha menyu ile ile. Nikaomba kuongea na mtu. Akajibu kwamba ombi langu limepokelewa na nitajulishwa. Hakuna aliyenipigia, usiku ule wala asubuhi.

Kulipokucha nikaenda dukani kwao na kitambulisho cha NIDA mkononi. Kijana wa kaunta aliweka kidole changu kwenye mashine, akaona jina langu, akaona picha yangu, akaona kwamba mimi ni mimi. Kisha akaniambia, "Kaka, mfumo ndio umefunga, sisi hapa hatuna uwezo wa kufungua." Nikaomba meneja. Meneja naye hana uwezo. Nani anao? Wanatuma ombi makao makuu, makao makuu wanasubiri mfumo umalize uchunguzi. Duka zima la watu waliovaa sare za kampuni, na hapakuwa na mmoja anayeweza kuangalia miamala yangu kwa macho yake na kusema huu ni mchango wa msiba, mfungulieni.

Wakuu, nisomeni vizuri hapa, kwa sababu watu wa mitandao wakisikia "akaunti imesitishwa kwa muda" wanadhani ni usumbufu mdogo. Mwenye Kosta alichukua abiria wengine. Mwili ukalala mochwari usiku mwingine, na usiku ule ulilipiwa. Mbinga kaburi lilikuwa limeshachimbwa na watu wameshakusanyika nyumbani. Kwenye kikao cha familia shangazi yangu, mtu mzima wa zaidi ya miaka sabini, akaniuliza mbele ya wote: "Mwanangu, pesa za watu ziko wapi?" Nikamwonesha meseji. Imeandikwa uchunguzi. Imeandikwa miamala isiyo ya kawaida. Kwa mtu wa umri wake hayo ni maneno ya polisi. Niliona watu wakiangaliana. Nyote mnajua hapa kwetu maana ya mtu kusemwa kwamba amekula pesa ya msiba. Hilo halifutiki kwa meseji ya samahani, na hata hiyo samahani haikuja. Tulisafiri kwa sababu mjomba alikopa kwa kuweka rehani kadi ya pikipiki yake. Baada ya mazishi ndipo laini ikafunguliwa, bila maelezo yoyote, kwa meseji moja ya kunishukuru kwa kuwa mteja wao.

Baada ya hapo nilikaa kuisoma hii mifumo, maana nilitaka kujua nimefanya kosa gani.

Mashine inalishwa miamala ya mamilioni ya wateja, pamoja na ile iliyothibitika kuwa ya wizi, hadi inajifunza wizi unafananaje. Kisha kila muamala mpya unapewa alama ya hatari kabla hata meseji ya uthibitisho haijatoka. Alama ikivuka kiwango kilichowekwa, akaunti inafungwa. Sasa laini ya tapeli inafananaje? Kwa muda mrefu inapitisha pesa kidogo. Ghafla inapokea pesa ndogo ndogo kutoka kwa watu wengi ambao hawajawahi kuitumia. Kisha pesa inatoka kwa mkupuo, usiku, kwenda kwa watu wachache. Rudieni kusoma, halafu mniambie mhazini wa msiba anatofautianaje na huyo. Mhazini wa kamati ya harusi je? Mtu anayechangiwa matibabu? Mama wa kikoba siku ya kugawana mwisho wa mwaka? Maisha yetu ya kusaidiana yana umbo lile lile la wizi machoni pa mashine, kwa sababu mashine inaona namba, kiasi na saa. Haioni turubai lililofungwa uani.

Na hicho kiwango hakikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu amekaa ofisini akakiweka. Akikiweka chini, mashine inakamata matapeli wengi zaidi na wasio na hatia wengi zaidi. Akikipandisha, baadhi ya matapeli wanapita. Tapeli akipita, kampuni inasemwa kwenye magazeti na inaitwa na mamlaka. Mwenye msiba akifungiwa, kampuni haipotezi chochote. Tuseme mtandao una wateja milioni 10 na mashine inamkosea mmoja tu kati ya kila 1,000. Hao ni watu 10,000 waliofungiwa bila kosa. Kwenye ripoti itaandikwa kwamba mfumo uko sahihi kwa asilimia 99.9, na wote watapongezana.

Kabla hamjaniambia napinga maendeleo: akili mnemba kwenye mitandao ya simu sina ugomvi nayo yote. Wazo la minara kujirekebisha yenyewe lipo kwenye viwango vya kimataifa tangu 4G ya mwanzo, mwaka 2008. Toleo la 18 la viwango vya 3GPP, umoja unaoandika viwango vya mitandao ya simu duniani, lililokamilika 2024, limeingiza kabisa ujifunzaji wa mashine kwenye minara ya 5G, kwa ajili ya kuokoa umeme, kugawa mzigo na kumhamisha mteja kutoka mnara mmoja kwenda mwingine bila simu kukatika. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, nao mwaka 2023, walipoweka dira ya 6G, walitaja akili mnemba na mawasiliano kuwa moja ya matumizi yake makuu sita. Sawa, waendelee. Mashine ikikosea kugawa mawimbi, simu inakatika na unapiga tena. Hapo kosa linajirekebisha. Lakini kuamua kama mtu fulani ni mwizi ni hukumu, na hukumu haiwezi kutolewa kwa utaratibu ule ule wa kuzima mnara usiku ili kupunguza bili ya umeme.

Kinachoniuma zaidi ni vidole vyetu. Tulipanga foleni NIDA juani, watu walilala nje, kwa sababu baada ya Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Tuliambiwa lengo ni kila laini ijulikane ya nani. Sasa nyie kampuni mnajua ni yangu. Mnajua jina langu, sura yangu na mahali nilipozaliwa. Nimesimama mbele yenu nikaweka kidole, mashine yenu moja ikasema huyu ndiye, mashine yenu nyingine ikasema huyu hafunguliwi. Tulisajiliwa ili iwe nini, kama siku nina shida usajili wangu hausaidii kitu?

Na pesa ile si mali ya kampuni. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, pesa za wateja wa simu hutunzwa benki kwenye akaunti maalumu ya udhamini. Zinatunzwa kwa niaba yetu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa jambo hili waziwazi. Inazungumzia maamuzi makubwa juu ya mtu yanayofanywa na mitambo peke yake, na inampa mhusika haki ya kujulishwa na kudai uamuzi uangaliwe upya. Wakenya nao wanayo haki ya namna hiyo kwenye sheria yao ya 2019. Najua kampuni zitakimbilia vigezo na masharti, zitasema nilikubali nilipojisajili. Nilikubali kutumiwa na kutuma pesa. Sikukubali kuhukumiwa na kitu ambacho hakiwezi kunisikiliza.

Mtasema bila hizo mashine matapeli watatumaliza. Nakubali tatizo lipo. Kila mmoja wetu ameshapokea ile meseji ya "ile pesa itume kwenye namba hii", na hata mimi huwa nazipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli. Mashine ishtuke, sina shida. Ishtuke, izuie muamala ule mmoja, kisha papo hapo mtu apige simu aulize. Dakika tano za maswali zingetosha: unapokea pesa za nini, marehemu ni nani, mwili uko wapi, nipe namba ya mwenyekiti wa kamati. Tapeli angekata simu. Mimi ningejibu yote huku nalia.

Kwa hiyo nataka hivi. Kila laini inayofungwa na mashine iwe na binadamu mwenye mamlaka ya kuifungua, saa zote, usiku na sikukuu, maana misiba haingoji Jumatatu. Mteja aambiwe ni muamala upi umeleta shaka. Kisizuiwe kila kitu kwa sababu ya shaka ya kitu kimoja. Na kampuni ziwe zinatangaza kila mwaka zimefunga akaunti ngapi na ngapi kati ya hizo zilikutwa hazina kosa. Hiyo takwimu wanayo, mashine yao inaihesabu. Watuoneshe.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameuliza kwa nini sikufungua akaunti ya kikundi. Mkuu, akaunti ya kikundi inataka majina ya viongozi, inataka mjipange. Kikoba kinaweza. Mtu amefariki saa kumi jioni na saa mbili usiku watu wanauliza watume wapi. Wanatuma kwa namba ya mtu wanayemwamini, ndivyo ilivyo.

NYONGEZA YA PILI: Dada mmoja hapo chini anasema anafanya kazi huduma kwa wateja, na kwamba wao wanatukanwa kila siku kwa kitu ambacho kwenye skrini zao hakina hata kitufe. Dada yangu, sina ugomvi na wewe wala na yule kijana wa kaunta, alikuwa na huruma na nilimwona. Ugomvi wangu ni na aliyewanyima hicho kitufe.

Naandika barua ya malalamiko kwa kampuni kwanza, kama utaratibu unavyotaka, na nakala nawapelekea TCRA (mamlaka ya mawasiliano), Benki Kuu na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama na wewe laini yako ilifungwa namna hii, andika hapa mkoa, mwezi, ulikuwa unapokea au unatuma pesa ya nini, na jibu ulilopewa. Usiweke namba yako ya simu wala ya kitambulisho. Zote nitaziambatanisha.