Tupeane uzoefu: Betri nyepesi ya kuwashia bodi ya roboti ndogo

Mwalimu wa Fizikia, Morogoro
Wakuu, habari za jioni. Nina vijana wa klabu ya sayansi wanaounda roboti ya kufuata mstari mweusi: Arduino Nano (bodi ndogo ya kompyuta inayoiongoza), vihisi vya mwanga, mota ndogo mbili za gia aina ya N20. Roboti yenyewe ni nyepesi mno, kwa hiyo betri ndiyo inayoamua kama itakata kona au itateleza nje. Dukani kila mara wanapewa ile ya mstatili ya voti 9. Siipendi kabisa. Ina gramu 45 hivi, na mota zikianza kuvuta, voti zinaporomoka, bodi inazima na kuwaka upya katikati ya mstari. Tena Nano huzishusha zile 9 hadi 5 kwa kutoa joto tu, karibu nusu ya nguvu mliyonunua inapotea. Waliounda za kwao, mnatumia nini?

Fundi Simu, Mbeya
Shikamoo mwalimu. Mimi natumia BL-5C, betri ya Nokia za batani. Kila duka la simu linayo, na redio ndogo za mkononi nyingi zinaitumia. Ni voti 3.7, mAh 1000 hivi (kiasi cha chaji inachobeba), uzito gramu 20 na kidogo. Usichomelee waya juu ya betri yenyewe, joto linaiharibu. Tafuta redio iliyokufa, ng'oa kile kitako chenye vijino vya kugusia betri, waya uchomelee hapo. Fuata alama za + na − zilizoandikwa ubavuni. Kijino cha katikati kiache. Kisha pitisha kwenye moduli ya kupandisha voti, MT3608. Kabla hujaunganisha bodi, weka multimita kwenye upande wa moduli unaotoa umeme na zungusha ile skrubu ya shaba hadi isome 5. Moduli hiyo inaweza kupanda hadi 28, na Nano haitavumilia. Hizo 5 ziingize kwenye pini ya 5V, siyo VIN, ile ya kuingizia voti za juu zishushwe.

Mdau wa Luthuli, Nairobi
Kwa wale wa ESP32, bodi ndogo yenye wifi: wifi ikiwaka, bodi huvuta mamia ya miliampea kwa ghafla, na bodi nyingi zina kishusha voti cha AMS1117 kinachotaka voti moja hivi juu ya 3.3. Betri ya 3.7 ikichoka kidogo tu, bodi inajiwasha upya kila mara. Mimi nilihamia LiFePO4, aina nyingine ya betri ya lithiamu, ya voti 3.2, ikishapumzika baada ya kuchaji naiunganisha moja kwa moja kwenye pini ya 3V3. Lakini chaja yake ni tofauti. TP4056, ile moduli ya kawaida ya kuchaji betri za lithiamu, itaisukuma hadi 4.2 na kuiua.

Binti Geita
Mnaonunua 18650, zile betri za lithiamu za mviringo, pimeni uzito. Huku mizani midogo ya dhahabu haikosekani, hata ya jikoni inatosha. Ya kweli inakaribia gramu 45 au zaidi. Ile iliyoandikwa mAh 9900 mara nyingi ni nyepesi sana, na hakuna 18650 yenye uwezo huo. Nzuri nyingi zinaishia 3500 hivi. Kwa roboti ya mwalimu, hata ya kweli ni nzito bure.

Abuu, Zanzibar
Ukitaka wepesi zaidi, LiPo (betri bapa za lithiamu) za droni za watoto, mAh 150, ni gramu chache tu. Tatizo ni kuchaji. TP4056 inatoka ikiwa imepangwa ampea 1, na betri ndogo kama hiyo inavimba. Ng'oa rezista iliyoandikwa 122, weka ya kilo-ohmu 10, mkondo wa kuchaji utashuka hadi miliampea 130 hivi.

Mwalimu wa Fizikia, Morogoro
Asanteni sana. BL-5C imenivutia, vijana wanaweza kuipata wenyewe. Swali kwa Fundi Simu: mota nazo zipite kwenye MT3608?

Fundi Simu, Mbeya
Hapana mwalimu. Mota zichukue 3.7 moja kwa moja kupitia DRV8833, moduli ya kuendesha mota, bodi peke yake ndiyo ipandishiwe. N20 ya voti 6 itazunguka taratibu, na kwa wanaojifunza kufuata mstari hilo ni jema. L298N, moduli nyingine ya kuendesha mota, achaneni nayo, inakula karibu voti 2 peke yake. Wekeni na kapasita ya maikrofaradi 470 karibu na DRV8833, mguu wa hasi upande wa hasi.